Gia ya Lori Jekundu: Historia ya Magari ya Rimoti ya Njia za Vumbi

Nilipokuwa na umri wa miaka minane, baba alirudi nyumbani jioni moja na boksi kubwa mkononi. Ndani mlikuwa na lori jekundu la rimoti, lenye matairi yaliyonifika magotini (au ndivyo ninavyokumbuka). Lori hilo lilikimbia siku tatu. Siku ya nne nililipeleka kwenye kokoto nyuma ya nyumba, likasaga kidogo, kisha likasimama. Mota ilikuwa bado inalia lakini magurudumu hayazunguki. Nikalipeleka kwa fundi wa redio sokoni. Akalifungua, akanionyesha gia ndogo nyeupe ya plastiki iliyong'oka meno manne, akasema, "Hii haina spea, kijana."

Nililificha chini ya kitanda. Baba alipoulizia lori lake, nikamwambia betri zimeisha. Kesho yake akaja na betri.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba hapa huwa tunazungumzia programu na tarakilishi. Leo naomba mnivumilie. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiunda na kukimbiza magari ya rimoti ya njia za vumbi, na kama kawaida yangu, nikipenda kitu lazima nichimbue kilikotoka. Katika kuchimbua huko nimegundua kwamba yule fundi wa sokoni alinipa historia yote kwa maneno manne. Watu wengi hufikiri kinachotenganisha toi na gari la mashindano ni kasi, au bei. Mimi nasema ni spea. Gari ambalo kila skrubu yake inauzwa peke yake linaishi miaka 40. Lile ambalo halina spea linaishi siku tatu.

Hebu tuanze.

Kuendesha chombo kwa redio si jambo jipya. Nikola Tesla alionyesha mashua yake ya rimoti pale Madison Square Garden, New York, mwaka 1898, wakati hata redio ya kusikiliza haijafika majumbani. Lakini tuziache mashua. Magari madogo ya rimoti yalianza kuuzwa Ulaya miaka ya 1960 na 1970, na mengi yalikuwa ya lami. Yalikimbizwa kwenye maegesho ya magari siku za Jumapili. Ukiyatoa kwenye lami yanakwama.

Njia za vumbi zilifunguliwa na kampuni moja ya Japani, katika mji wa Shizuoka. Yoshio Tamiya alianza mwaka 1946 na biashara ya mbao. Kutoka mbao wakaingia kwenye vinyago vya kuunda vya mbao, kisha vya plastiki. Mwanawe, Shunsaku Tamiya, aliyefariki Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 90, ndiye aliyeisukuma kampuni kwenye magari. Inasimuliwa kwamba walipotaka kutengeneza mfano wa Porsche, walinunua Porsche 911 nzima na kuifungua kipande kwa kipande ili waone ilivyo. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Porsche 934 ya rimoti mwaka 1976, gari lao la kwanza la aina hiyo. Mimi nikisoma hadithi hii nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nikifanya vivyo hivyo na redio ya nyumbani, ila sikuwahi kuirudisha.

Halafu ukaja mwaka 1979. Mwaka huo Tamiya walitoa Rough Rider na Sand Scorcher, magari mawili yenye chasisi moja, yaliyofuata bagi za jangwani za Marekani zilizotengenezwa kwa Volkswagen. Hapa ndipo mambo yalipobadilika. Mikono ya mbele iliyoshika magurudumu ilikuwa ya chuma na ilifanya kazi kama ya Volkswagen halisi. Vifaa vya redio vilifungiwa ndani ya kisanduku kisichoingia maji. Unaweza kulipitisha kwenye mchanga, kwenye dimbwi, kwenye majani, na bado likarudi. Lakini kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni namna lilivyouzwa: vipande kwenye mifuko, na kitabu cha maelekezo. Gari hukununua. Ulinunua jioni kadhaa za kazi, na rimoti ukainunua kando.

Ambaye hajawahi kuunda gari la namna hii labda haelewi maana yake. Kitabu cha Tamiya kina picha za skrubu kwa ukubwa wake halisi. Unachukua skrubu, unailaza juu ya picha, ikilingana basi ndiyo hiyo. Mifuko ina herufi, A, B, C, na hufungui B kabla hujamaliza A. Ni kama programu iliyoandikwa vizuri: kila hatua inajisimamia, na ukikosea unajua ulikosea wapi. Ukifika mwisho, hakuna kitu ndani ya gari hilo usichokijua. Siku likivunjika, huendi kwa fundi. Fundi ni wewe.

Mwaka 1981 wakaleta Toyota Hilux. Mkenya hahitaji kuelezwa Hilux ni nini. Hii ndogo ilikuwa na chasisi ya chuma kama ngazi, springi za bapa kama zile za pikapu ya kubeba ng'ombe, kuvuta kwa magurudumu yote manne, na giaboksi ya gia tatu unayoibadilisha ukiwa umesimama mbali na rimoti mkononi. Ilikuwa nzito na ya polepole, haikufaa mashindano hata kidogo. Lakini watu waliipenda, na wanaoimiliki hadi leo wanaitunza kama mahari.

Sasa ngoja niseme kidogo juu ya kasi ilivyodhibitiwa enzi hizo, kwa sababu hapa ndipo sisi wa tarakilishi tunapotabasamu. Magari ya leo yana kidhibiti kasi cha kielektroniki chenye kichakata chake na programu ndani yake. Ya wakati ule yalikuwa na sevo, ile mota ndogo ya kugeuza, iliyosukuma kidole cha shaba juu ya vibao vya mguso. Kibao cha kwanza kilipitisha umeme kwenye kikinza kikubwa, gari likaenda taratibu. Cha pili, haraka kidogo. Cha mwisho kiliunganisha betri na mota moja kwa moja. Ule umeme wa ziada ulikuwa unageuka joto tu. Kikinza kilichemka kiasi cha kuchoma kidole, na ndiyo maana mara nyingi kiliwekwa mahali penye upepo. Yaani ulikuwa unachoma betri ili uende polepole!

Na betri yenyewe ilikuwa kidogo. Seli sita za nikeli na kadimiamu, volti 1.2 kila moja, jumla volti 7.2. Chaji ikikubali, unapata dakika chache za mbio kabla gari halijaanza kutambaa. Udhaifu huo ndio uliochora mchezo mzima: mbio za magari ya umeme ya kipimo cha 1/10 zikawa za dakika 5. Huhesabu nani amefika mwisho kwanza kama riadha. Unahesabu mtu amezunguka mara ngapi ndani ya dakika 5, na sekunde ngapi zimetumika. Hadi leo, ambapo betri za lithiamu zinaweza kwenda mbali zaidi ya hapo, dakika 5 zimebaki. Wenzangu waandishi wa programu mnaijua hali hii. Kizuizi kiliondoka zamani, lakini msimbo uliokizunguka bado upo.

Mwaka 1984 wakaja Wamarekani. Kampuni ya Associated Electrics huko California ilitoa gari liitwalo RC10, lililobuniwa na Roger Curtis. Chasisi yake ilikuwa alumini ya aina inayotumika kwenye ndege, iliyopakwa rangi ya dhahabu, na shoki zake za mafuta zilikuwa za kweli. Unazifungua, unabadilisha mafuta, mazito kwa njia ya mashimo au mepesi kwa njia nyororo, unazifunga. Ukiliweka RC10 kando ya magari ya Tamiya ya mwaka huo huo, yale ya Tamiya yanaonekana ya watoto. Na kwa kweli Tamiya mwaka huo walikuwa wakiuza Grasshopper, gari rahisi lililowaingiza maelfu ya watoto kwenye mchezo. Sioni aibu kusema kwamba Grasshopper lilifanya kazi kubwa kuliko RC10. Bila mlango wa chini, hakuna anayepanda juu.

Mwaka 1985 mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya umeme ya 1/10 ya njia za vumbi yalifanyika Del Mar, California. Jay Halsey alishinda daraja la magurudumu mawili ya kuvuta akiwa na RC10. Daraja la magurudumu manne lilichukuliwa na Gil Losi Jr. akiwa na gari la Yokomo la Japani. Miaka miwili baadaye mashindano yalihamia Romsey, Uingereza, na kijana wa Kijapani aitwaye Masami Hirosaka akashinda magurudumu manne akitumia gari la Schumacher la Waingereza. Huyu Hirosaka alikuja kukusanya mataji 14 ya dunia. Ninapenda mchanganyiko huo: Mmarekani juu ya gari la Kijapani, Mjapani juu ya gari la Kiingereza. Kila mtu alitumia kilichofanya kazi.

Cecil Schumacher mwenyewe, mhandisi aliyetoka Cosworth, anastahili aya yake. Kwenye kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, kwa hiyo unahitaji difu. Difu za gia za enzi hizo hukuweza kuzirekebisha. Schumacher akaweka vigololi vya chuma kati ya visahani viwili. Ukikaza skrubu moja, difu inakuwa ngumu, ukilegeza inakuwa laini. Skrubu moja inabadilisha tabia ya gari zima! Ila ukilegeza kupita kiasi vigololi vinateleza na kuungua, na hilo nimejifunza kwa pesa yangu.

Sasa malori. Huko St. Louis, Marekani, Bob Chandler alikuwa na pikapu ya Ford ya mwaka 1974 aliyoipandisha hadi ikawa mnara, akaiita Bigfoot, na mwaka 1981 akapita nayo juu ya magari mabovu na kuyaponda. Marekani nzima ikapagawa na matairi makubwa. Tamiya wakaona. Mwaka 1986 wakatoa Blackfoot, na 1987 wakatoa Clod Buster, dude lenye mota mbili, moja kwa kila ekseli, na magurudumu yote manne yakikata kona. Mwaka huo huo wa 1987 wakatoa Lunch Box, gari la njano lenye umbo la van juu ya matairi manene. Ukiliona utadhani matatu iliyokosana na barabara ikaamua kuikanyaga.

Clod Buster ndilo ninaloliheshimu zaidi kihistoria, kwa sababu ya ubovu wake. Lilitoka kiwandani likiyumba, uelekezaji umelegea, springi ngumu. Wamarekani hawakulitupa. Walianza kulitengenezea sehemu zao wenyewe: chasisi mpya, mikono mipya, vishikio vya sevo. Kampuni ndogo ndogo zikazaliwa kwa kuuza kitu kimoja tu, nacho ni dawa ya ugonjwa wa Clod Buster. Anayejua jua kali pale Gikomba au Kariobangi anaelewa jambo hili bila kuelezwa. Kiwanda kinaleta gari, fundi ndiye analimaliza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 malori yakaingia mashindano rasmi kwa njia nyingine. Marekani kulikuwa na mbio za pikapu ndani ya viwanja vya mpira, zilizoanzishwa na Mickey Thompson. Losi na Associated wakachukua bagi zao, wakazipanua, wakazivika matairi makubwa na bodi ya pikapu. Lori la namna hii husamehe makosa. Bagi likitua vibaya linapinduka, lori linatikisika tu na kuendelea. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudi Jumapili ijayo na kuuza kila kitu.

Nitapita haraka kwenye mafuta. Kampuni ya Traxxas ya Texas, iliyoanzishwa 1986, ilitoa T-Maxx mwaka 1999: lori la injini ndogo inayokunywa methanoli na nitromethani, lenye gia ya nyuma, na likauzwa likiwa limekamilika. Kelele, moshi, furaha. Mimi sina hamu nalo, majirani zangu wana watoto wachanga.

Hilo neno "limekamilika" ndilo la kuangalia. Traxxas walikuwa wakiuza magari yaliyo tayari tangu mwanzo, na taratibu dunia nzima ikafuata. Mwaka 2008 walitoa Slash, lori lenye umbo la pikapu za mbio fupi za vumbi, na likauzika kupita kiasi. Klabu nyingi zilianzisha mbio za Slash peke yake. Wazee wa mchezo walinung'unika kwamba vijana hawajui tena kuunda. Nilipoanza kusoma nilikubaliana nao. Kisha nikaangalia michoro ya sehemu za Slash: kila kipande kina namba, kila kipande kinauzwa peke yake, kuanzia bampa hadi gia ya ndani kabisa. Aliyelinunua likiwa zima hulazimika kulifungua siku atakapolivunja, na mtu anayekimbiza lori kwenye vumbi atalivunja tu. Darasa lilikuwa pale pale, zamu tu ndiyo iliyobadilika. Wazee walijenga kisha wakavunja, vijana wanavunja kisha wanajenga.

Kuna jambo moja ambalo lilikufa kweli, na silililii. Ni kristali. Rimoti za zamani za masafa ya 27 MHz zilikuwa na chaneli sita, na kila chaneli ilikuwa na rangi yake: kahawia, nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu. Rimoti na gari vilichomekwa kristali za rangi moja. Watu wawili wakiwasha njano kwa pamoja, gari la mmoja linamtii mwingine, au halimtii yeyote, linakwenda ukutani kwa kasi yote. Ndiyo maana kwenye mashindano rimoti zilikusanywa mezani na kulindwa, usije ukawasha yako kwa bahati mbaya wakati wengine wako uwanjani. Katikati ya muongo wa 2000 zikaja rimoti za 2.4 GHz. Rimoti na kipokezi vinatambuana kwa namba, na nyingine zinarukaruka kutoka masafa hadi masafa. Wazo la kurukaruka lilipewa hataza Marekani mwaka 1942, kwa kazi ya mwigizaji Hedy Lamarr na mwanamuziki George Antheil, wakitaka kuongoza topido za kivita. Sasa linamzuia jirani yako asikuharibie Jumapili.

Lakini angalia kisichobadilika. Waya unaotoka kwenye kipokezi kwenda kwenye sevo bado unabeba ujumbe ule ule: mpigo wa umeme wa takriban milisekunde 1.5 maana yake ni katikati, 1 ni upande mmoja, 2 ni upande wa pili, unaorudiwa kama mara 50 kwa sekunde. Betri za seli sita, mota ya ukubwa wa 540, tundu la pembe sita la milimita 12 kwenye gurudumu, vyote hivyo vilitulia vikawa makubaliano ya wote. Nimeandika programu kwa miaka kadhaa, na maktaba niliyoitumia nikiwa chuo kikuu leo haifunguki bila kulalamika. Sevo ya mwaka 1985, ukibadilisha plagi tu, mara nyingi itageuka.

Ndivyo nilivyokuja kununua Lunch Box. Lilirudishwa sokoni mwaka 2005, na langu ni la toleo hilo jipya, ingawa jipya ni neno la heshima tu. Binamu yangu alinibebea kutoka nje kwenye begi lake, mifuko A hadi mwisho, na nikaliunda kwa jioni nne juu ya meza ya chakula. Giaboksi yake imetokana na ile ya Grasshopper na Hornet za 1984. Nimelikimbiza kwenye uwanja wa murram karibu na kwetu, tukiwa watu watano, mstari wa chaki, mawe ya kuashiria kona, na mmoja wetu akishika saa ya simu na kuhesabu mizunguko kwa sauti. Aliyemaliza mbio zake ndiye anayesimama konani kuwainulia wenzake magari yaliyopinduka. Sheria hiyo hatukuibuni. Ndivyo klabu zinavyofanya Uingereza na California, na sababu ni ile ile: hakuna pesa ya kumlipa mtu.

Mwezi wa tatu nikasikia mlio ninaoujua. Likasaga, likasimama, mota inalia.

Nilifungua giaboksi pale pale chini ya mti. Meno matatu. Nikaagiza gia, na wiki tatu baadaye ikafika kwenye pakiti bapa yenye namba ya sehemu, pamoja na gia nyingine nne ambazo sikuzihitaji. Nikaipeleka nyumbani kwa wazazi kwa sababu nilitaka baba aione. Sasa amestaafu, miwani imezidi unene. Aliishika pakiti ile karibu na dirisha, akaigeuza, akasoma maandishi ya Kijapani kana kwamba anayaelewa.

Nikamweleza. Nikamweleza pia juu ya lori jekundu, na betri.

"Najua," akasema. "Nililiona chini ya kitanda wiki ile ile." Kisha akauliza gia hizi ni pesa ngapi. Nikamwambia, pamoja na usafirishaji. Akanirudishia pakiti, akatikisa kichwa, akasema kwa pesa hizo angeninunulia malori mawili.